Sakoshi ya Ngozi Iliyochoka: Namna ya Kuigeuza Mfuko wa Karatasi



Katika nyumba nyingi za kwetu iko sakoshi moja ya ngozi inayoning'inia nyuma ya mlango ao inayolala chini ya kitanda. Ilikuwa ya baba, ao ya nkambo aliyefundisha shule wakati inchi iliitwa Zaïre (1971–1997). Mkono wake umekatika, pembe za chini zimetoboka, na panya wamekwisha kupita mle. Hakuna mtu anayeitumia, wala hakuna mwenye roho ya kuitupa. Somo letu la leo ni juu ya sakoshi ile.

Tuseme mara moja neno kubwa: mara nyingi sakoshi ya ngozi inakufa kwa uzi na kwa mikunjo, ngozi yenyewe ingali hai. Uzi unaoza, mkunjo unapasuka, lakini katikati ya ubavu, fasi hakuna mkunjo wala mshono, ngozi inaweza kuwa nzima hata kiisha miaka makumi tatu ao ine. Basi yule anayetaka kuirudisha sawasawa vile ilikuwa zamani anapigana vita ngumu, kwani anashona tena palepale ngozi imekufa. Atashona leo, na kiisha mwezi mmoja itapasuka pembeni ya mshono mpya. Afadhali kukata fasi zilizokufa, kuzitupa bila huruma, na kwa zile nzima kufanya kitu kingine kilicho kidogo zaidi.

Kitu gani? Wengine wanafanya mfuko wa feza, wengine jalada la Biblia. Mimi nachagua mfuko bapa wa karatasi, wenye mukaba wa begani. Sababu yake munaijua. Kwetu karatasi za mtu ni maisha yake: cheti cha kuzaliwa, buletini za shule, diploma ya Serikali, karatasi ya kiwanja. Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipopasuka, mto wa moto uliingia mpaka katikati ya mji wa Goma na kuunguza nyumba nyingi pamoja na vyote vilivyokuwa ndani. Ulipasuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano nyuma yake watu wa sehemu kubwa ya mji waliambiwa waondoke. Siku kama hizo mtu hana saa ya kufungua sanduku na kuchagua. Anabeba kile kilicho tayari kwenye msumari karibu na mlango. Na mfuko ukiwa begani, mikono miwili inabaki ya kushika watoto.

Kuchunguza ngozi

Hapana kushika sindano mbele ya kuchunguza. Kwanza ujue kama ni ngozi kweli. Kwa wembe kata kipande kidogo kama ukucha, fasi ya ndani isiyoonekana. Kama chini ya uso unakuta kitambaa kilichopakwa ngozi ya uongo, acha: ile ni plastiki, na ikianza kuambuka hakuna dawa. Kama bado una mashaka, choma kipande kile. Ngozi ya kweli inanuka kama nywele zilizoungua na inaacha majivu. Plastiki inayeyuka na kufanya tone jeusi gumu.

Angalia sasa ukingo ule uliokata. Mara nyingi, kama rangi ni kahawia toka juu mpaka chini, ngozi ilitengenezwa kwa maji ya maganda ya miti, kama vile akasia. Kama katikati ni ya kijivu ao ya bluu kidogo, ilitengenezwa kwa chumvi za kromu, namna iliyoanza kuenea mwisho wa karne ya 19. Sakoshi za walimu wa zamani, zile ngumu zinazosimama zenyewe mezani, mara nyingi ni za maganda. Zile laini zinazolala kama kitambaa, nyingi ni za kromu. Zote mbili zinafaa, lakini ile ya maganda inaogopa maji na joto zaidi, tutaona nyuma.

Kiisha kunja ngozi juu ya kidole chako, fasi mbalimbali. Ikionyesha mistari midogo kama ya mkono wa mzee, si kitu: uso tu umekauka. Lakini ikiacha vumbi nyekundu kidoleni, kama vumbi la tofali, basi fasi ile imekufa kabisa. Ugonjwa huu unapata hasa ngozi za maganda zilizokaa miaka mingi, na wale wanaotunza vitabu vya kale vyenye majalada ya ngozi wanaujua sana. Ulisumbua maktaba za Ulaya hata kule London komiti ya wataalamu iliyowekwa na Society of Arts ikatoa taarifa yake mwaka 1901, nayo ikakuta kwamba ngozi za kale zaidi zilikuwa zimevumilia kuliko zile za karibu. Kisa kimoja kilikuwa asidi: ile iliyotumiwa kiwandani kupata rangi nzuri, na ile iliyotoka katika moshi wa taa za gazi. Munaona, kufanya haraka kiwandani kulilipwa na msomaji miaka makumi tano nyuma. Ngozi yenye vumbi ile hakuna mafuta yatakayoiponyesha. Ukiipaka mafuta itakuwa nyeusi na yenye kunata, lakini nguvu hairudi.

Mtihani wa mwisho ni wa mikono. Kata ukanda wa sentimetri 1 kwenye ukingo, uvute kwa nguvu. Ukikatika kama mkate, tupa. Ukikataa, furahi, kwani uko na kazi ya kufanya.

Kusafisha, na kwa nini tunaogopa moto

Ukungu mweupe unaondolewa inje ya nyumba, kwa burashi kavu, na pua imefungwa kitambaa. Nyuma pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa alkoli na maji, nusu kwa nusu. (Ile alkoli ya dispensari. Ile ingine inayopikwa kijijini tuiache wanaoijua.) Vumbi na uchafu wa mikono unatoka kwa kitambaa chenye unyevu tu. Hapana kuloweka sakoshi ndani ya beseni, na hapana kuisugua kwa sabuni ya kufulia. Wanafunzi wa kemia watafahamu upesi: sabuni ile ni ya upande wa basi, pH yake iko juu ya 7, ngozi iliyotengenezwa iko upande wa asidi, pH karibu 4 ao 5. Sabuni inaondoa mafuta yaliyo kati ya nyuzi, na ngozi ikikauka inakuwa kama mbao.

Sasa juu ya kukausha. Siku za mvula watu wanaweka viatu na sakoshi karibu na mbabula ili vikauke upesi, halafu wanashangaa vimejikunja. Ngozi ni nyuzi ndogondogo za protini inayoitwa kolajeni, zimefumana kila upande. Zikiwa na maji na kupata joto, zinafika kipimo fulani ambapo zinajikunja zenyewe kwa gafla, na hakuna kuzinyoosha tena. Kwa ngozi mbichi kipimo kile ni karibu digri 60 mpaka 65. Kwa ngozi ya maganda ni karibu digri 70 mpaka 85. Ile ya kromu iliyotengenezwa vizuri inafika 100 ao zaidi. Na ngozi ikizeeka kipimo chake kinashuka. Karibu na makaa digri zile si mbali! Basi ngozi yenye maji ikauke kivulini, fasi penye upepo, imejazwa karatasi za gazeti, siku mbili ao tatu. Ikiwa kavu, joto haliiumizi upesi hivyo; hatari ni maji na moto pamoja.

Kufungua na kukata

Kufungua sakoshi hakuna kurarua. Kwa ncha ya wembe kata uzi kila mshono wa tatu, halafu utoshe vipande kwa vidole. Bukle, pete na visu vya kufungia uweke pembeni ndani ya kopo. Mara nyingi ni vya shaba ya manjano na vitaishi kuliko wewe. Kama vina uchafu wa kijani kama nta, ni shaba iliyokutana na mafuta ya ngozi. Uondoe kwa kijiti na kitambaa kikavu.

Fanya mfano wa katoni wenye sentimetri 35 kwa 27. Hesabu yake ni hii: karatasi ya A4 ina sentimetri 21 kwa 29.7, ndani ya plastiki yake inafika karibu 23 kwa 31, mshono unakula nusu sentimetri kila upande, na unene wa karatasi nyingi unakula tena. Tembeza mfano ule juu ya ngozi mpaka uone fasi nzima, bila mkunjo, bila tundu. Unahitaji vipande viwili. Kama mkunjo wa kifuniko ungali mzuri, bahati yako: acha mgongo na kifuniko vikiwa kipande kimoja, kifuniko kibaki na urefu wa sentimetri 12 ao zaidi. Kama umepasuka, gundisha ndani yake ukanda wa ngozi laini wa upana wa sentimetri 5 na uushone pande zote mbili. Visehemu vya ndani ya sakoshi, vile vilivyotenga buku na buku, vinafaa sana kwa kazi hiyo kwani jua halikuvigusa.

Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, juu ya ubao. Pitisha wembe mara tatu ine, polepole, kuliko kukata mara moja kwa nguvu. Na kidole cha mkono wa kushoto kisikae mbele ya wembe.

Mshono wa sindano mbili

Hapa ndipo kazi yenyewe, na hapa nitakawia.

Vyombo ni vichache: sindano mbili nene, uzi, nta ya nyuki, na msumari wa kutobolea. Sindano zivunjwe ncha kidogo juu ya jiwe, kwani hazitatoboa, zitapita tu. Msumari unafanywa kwa waya moja la gurudumu la kinga, lenye unene wa milimetri 2: kata kipande cha vidole vine, kinoe juu ya jiwe, kitie ndani ya mti uwe mkono wake. Uzi uwe wa nailoni ao wa kitani. Uzi wa pamba ni rahisi kupata, lakini unaoza kwa jasho na mvula, na ni uzi ule uliooza ulioua sakoshi ya kwanza.

Weka vipande viwili, upande wa nyama ndani, uso inje. Paka kole ya kubandika mpira wa kinga kwenye kingo tatu, upana wa sentimetri moja, pande zote mbili; ngoja mpaka isishike tena kidole, kiisha kandamiza. Kole haitabeba mzigo. Kazi yake ni kuzuia ngozi isitembee wakati unashona.

Sasa mistari. Piga mstari milimetri 5 toka ukingo. Chukua ukurasa wa buku la hesabu lenye miraba ya milimetri 5, kata ukanda, uulaze juu ya mstari, na kila mraba utie alama. Kingo tatu ni 27 + 35 + 27, ndiyo sentimetri 89, basi tundu karibu 178. Mwenye kuona ni mengi asiyakaribishe wala asiyaongeze: tundu zikikaribiana chini ya milimetri 3, ngozi inakatika juu ya mstari kama tembre ya posta, zikiachana sana, mshono unafunguka midomo. Toboa wima, juu ya ubao laini, msumari usilale upande.

Uzi uwe mara ine ya urefu wa mshono, na sentimetri 20 za kushikia. Kwa ukingo wa 27 ni mita 1.3 hivi, kwa ule wa 35 ni mita 1.6. Usichukue uzi wa mfuko mzima mara moja, utakufunga mikono. Uvute mara tatu juu ya nta. Nta inazuia maji, inazuia uzi kufumuka, tena inaufanya ushike ndani ya tundu. Tia sindano moja kila ncha ya uzi.

Bana ngozi kati ya mbao mbili, na mbao kati ya magoti, ili mikono yote miwili iwe huru. Pitisha sindano moja katika tundu la kwanza, vuta mpaka nusu ya uzi iko kuume na nusu iko kushoto. Katika tundu la pili, sindano ya kushoto inapita kwanza. Kiisha ile ya kuume inapita katika tundu lilelile, nyuma ya uzi wa kwanza, bila kuutoboa. Vuta mikono yote miwili sawa, mpaka uzi ulale, hapana mpaka ngozi ikunjamane. Tundu la tatu vivyo hivyo, na kila mara sindano ya kushoto ndiyo ya kwanza. Ukibadilisha katikati, mistari itapinda na kila mtu ataona. Ukifika mwisho rudi nyuma tundu tatu, kata uzi, na kama ni nailoni yeyusha ncha yake kwa moto wa kibiriti.

Kwa nini taabu hii yote? Mashini ina nyuzi mbili, moja ya juu na moja ya chini, zinazokamatana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mwenzake anakosa wa kushikana naye, na mshono unaanza kufunguka ukivutwa. Mshono wa sindano mbili una uzi mmoja tu unaopita kila tundu mara mbili. Hata ukikatika fasi moja, nusu ingine ingali imelala ndani ya tundu zote. Kordonye wa sokoni naye anatumia msumari wenye ndoano, na anakimbia sana kuliko sisi. Kwa kiatu kinachovaliwa na kurudishwa kwake kila mwezi inafaa. Mfuko unaobeba diploma tunataka uanze kutuonya mbele ya kufunguka.

Kwa mtu wa kwanza kujifunza, kazi hii ni ya mchana miwili mizuri. Asishone usiku kwa taa ndogo.

Mukaba na kufunga

Sakoshi nyingi zinachanika pale mukaba unashikana na ngozi. Ni somo la fizika: nguvu ileile ikigawanywa juu ya eneo kubwa, mkazo unapungua. Basi hapana kufunga mukaba kwa tundu moja na riveti moja. Kata vipande vya ngozi vya sentimetri 6 kwa 6, uviweke ndani ya mgongo wa mfuko, karibu na pembe mbili za juu. Mukaba ukae inje, ngozi ya mfuko katikati, kipande ndani. Shona mraba pande zote ine na katikati upige msalaba toka pembe mpaka pembe. Fanya kazi hii mbele ya kuunganisha ubavu na ubavu, maana nyuma mkono hautaingia.

Mukaba wenyewe unaweza kuwa mukaba wa suruali wa zamani. Mimi napenda zaidi mukaba wa kiti cha motokari mbovu: upana wake ni karibu sentimetri 5, hauumizi bega, na hauozi. Urefu uwe wa kuvuka kifua, mfuko ukae juu ya nyonga. Kwa kufunga, rudisha bukle moja ya zamani. Moja inatosha. Mbili ni nzuri kwa macho, lakini mtu mwenye kutetemeka mikono hatafunga mbili.

Mafuta

Wengi wanauliza juu ya mawese. Hapana. Yanatia rangi nyekundu katika nguo na karatasi, yanaganda siku za baridi, yanachacha, na panya wanayapenda kama sisi. Chukua mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa bila chumvi, vijiko vitatu, na nta ya nyuki kijiko kimoja. Yeyusha ndani ya kopo lililowekwa katika sufuria ya maji ya moto, maana nta ikiwekwa juu ya moto wenyewe inaweza kuwaka. Nayo inayeyuka kwa digri 62 ao 64 tu, haiombi moto mkali. Paka kidogo kwa kidole ikiwa vuguvugu, upande wa inje, mikunjo zaidi. Iache usiku mzima, asubuhi pangusa ile iliyobaki juu. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Siraje ya viatu inapendeza uso, lakini haifiki ndani.

Kuweka karatasi

Asidhani mtu kwamba ngozi inazuia mvula. Inachelewesha tu. Tena asidi na mafuta yake vinachafua karatasi. Kwa hiyo kila karatasi ikae kwanza ndani ya plastiki, na zote ndani ya plastiki kubwa yenye kukunjwa mara mbili mdomoni. Ogopa ile plastiki nene yenye harufu kali ya mpira: kiisha miezi inashika wino ya fotokopi na kuivua toka karatasi. Ile nyembamba isiyo na harufu ni bora. Kopi za karatasi zilezile ziwekwe nyumba ingine, kwa shangazi ao kwa rafiki wa mbali.

Jina lako uliandike ndani ya kifuniko, kwa biki, juu ya upande wa nyama ambapo wino inaingia vizuri; ongeza jina la mtu mmoja wa jamaa na mtaa wake. Inje usiandike kitu. Kwa macho ya mtu wa njiani, mfuko ule ubaki kipande cha sakoshi ya zamani tu.